Nilimutungia Mama Mukwe Maneno ya Mujukuu Wake

Mpendwa mushauri, naomba musaada wako, na naomba tena hii barua muisome asubuhi, saa ile bantu ba Kiringye banakuwa mu mashamba, juu mama mukwe wangu anakaa kule na anapenda radio yenu sana, na kama ataisikia mbele minye nimuambie, sijui uso wangu nitauweka wapi.

Minye niko baba mwenye kupita miaka makumi tano, nilisoma mpaka mwaka ya pili ya segondere, kisha vita ikatufukuza, nikaishi mu kambi ya wakimbizi kule Malawi, na kule njo nilikamata Kiingereza kidogo, ile ya kusalimia na ya kuuliza bei mu soko. Nilivyorudi hapa Nyamianda bantu bakaanza kuniita Anglais, ni kusema Mwingereza, na hiyo jina sikuikatae, ilikuwa inanipendeza.

Bibi yangu, yaani muke wangu, alikuwa na dada yake mukubwa, Claire, bakamupeleka Amerika kutoka mu kambi na binti yake Déborah angali mu mugongo. Mutoto akakulia kule. Claire akiwa muzima, ni yeye alikuwa anageuza Kiingereza ya binti mu Swahili kwa koko yake, mama mukwe wangu. Mwaka juzi Claire akafa kule, bakamuzika kule, Déborah akabaki na sisi kwa telefone tu, na Swahili yake ni «jambo koko» na «nakupenda koko», basi. Kazi ya kugeuza ikaniangukia minye, juu telefone ya wasap ni yangu na Anglais ni minye.

Mushauri, unajua namna mukwe na mama mukwe banaishi kwetu. Mu macho simuangalie. Akikuja dimanche, kisha ya kanisa, anakaa pa mukeka upande wa mulango, minye upande mwingine, bibi yangu katikati, telefone tunaiweka juu ya kiti kidogo. Na kuna maneno mukwe hayatamke mbele ya mama mukwe, ya kitanda, ya tumbo ya mimba, hata nyumba ikiwa inaungua.

Sasa Kiingereza ya Déborah haiko ile ya Malawi. Maneno nayajua moja moja, «look» ni kuangalia, «put» ni kuweka, «get» ni kupata, «turn» ni kugeuka, «give» ni kupa, lakini yeye nyuma yake anaweka kaneno kadogo, «up», «out», «by», na palepale neno inanikimbia. «Put up with», ameweka juu na nani? «Get by», amepata kando ya nini? «Turn up», «turn down», «turn out», huyu mutoto anageuka kila siku namna gani? Siku moja alisema «look after», nikamuambia mama mukwe kama anaangalia nyuma, mama akashika kifua:

— Nani anamufuata mujukuu wangu?

Akafunga siku nzima, akiomba Mungu amukinge na ule muntu wa nyuma. Kumbe mutoto alikuwa anasema tu kama anachunga mama muzee mumoja, njo kazi anafanya. Hiyo nimeijua juzi.

Ni pale ningesema «hii sikuisikie vizuri». Sikuseme. Nikaanza kutunga. Anakusalimia, koko. Anakula vizuri. Anasoma sana. Siku moja mama akauliza anasomea nini, nikasema udaktari, ikatoka tu mu kinywa, sijui ilitoka wapi, na sasa korale yote ya Kiringye, bale banaimba naye mu kanisa, inajua kama mujukuu wa Mama Pétronille ni docteur.

Mvua ilivyoanza, mesaje zikabadilika. Zinakuja ndefu, na sauti inatetemeka. Mama akaniuliza:

— Mukwe, mbona huyu mutoto analia?

— Hapana mama, ni mafua. Kule iko baridi sana.

— Mafua njo inamufanya aite koko, koko, vile?

— Anakusalimia, mama.

Kisha akasema kama kila siku: «Mwambie asome, na amuogope Mungu.» Nikafinya telefone, nikamuambia mutoto koko anasema asome na amuogope Mungu. Hiyo kwa Kiingereza naijua.

Mu parsele yetu, hapa mu kiwanja ya nyumba, tunakodisha chumba kwa dada mumoja Murundi, mwalimu Niyonkuru, anafundisha Kiingereza mu segondere. Dimanche iliyopita alikuwa anafua nguo inje karibu na mulango wetu. Mama mukwe alivyoenda, mwalimu akanifuata na mikono ingali na sabuni.

— Baba, unisamehe. Hizi mesaje zenu nazisikia kila dimanche, na nilizania minye njo sisikie vizuri. Ulimuambia mama nini sasa hivi?

— Nilimuambia mutoto anasalimia.

— Anasalimia? Mwanaume alimukimbia. Kazi bamemuondoa juu ya tumbo. Anasema amevumilia mpaka amechoka, na anamuomba koko yake ampatie mutoto jina. Na leo amesema anaacha kuuliza. Kama koko hamutake yeye na mutoto wake, ameelewa, hatasumbua tena.

Mushauri, kwetu mutoto akizaliwa, koko njo anatoa jina. Claire njo alikuwa anamufundisha binti yake vile. Déborah akauliza mara nyingi kwa koko wa pekee amebaki naye, na kila mara anajibiwa asome na amuogope Mungu.

Nilimuambia mwalimu ni yale maneno madogo yamenipoteza, na ni kweli, hata leo kichwa yangu inazunguka, sijui «up» inaanzia wapi na inaishia wapi. Lakini wewe sitakudanganya. Kuna neno moja Déborah alikuwa anarudilia mu kila mesaje, «baby». Ile naijua. Hata batoto ba primere banaijua. Niliisikia tangu mara ya kwanza na nikaimeza, juu mama mukwe alikuwa pale pa mukeka, na sikuweza kutamka tumbo ya mujukuu wake mbele yake.

Sasa nifanye nini? Nikisema, mama mukwe atajua nilimuchezea zaidi ya mwaka, na mbele ya korale atapata haya juu yangu. Nikinyamaza, mwalimu anasema siku ya kuzaa iko karibu kabisa, na Déborah hatume kitu tangu ile siku. Bibi yangu hajajua. Nilikuwa nawaza labda dimanche hii nianze tu kugeuza vizuri na mwalimu pembeni, bila kugusa ya nyuma. Inawezekana? Niko nazunguka mu parsele, chakula haipite, bibi yangu anazania niko na malaria. Nisaidie.

Minye, baba wa Nyamianda

JIBU LA MAMA HERMÉNÉGILDE

Ndugu yangu, pole. Barua yako nimeisoma asubuhi kama ulivyoomba, na majina yote nimeyabadilisha, hata ile ya sifa banakuita. Lakini usijidanganye. Bamama ba Kiringye banaenda mu shamba na radio mu kitunga. Kwa hiyo hii jibu ikiisha, vaa viatu.

Tumalize kwanza Kiingereza. Yale maneno madogo yanasumbua hata bale bametoka inivesite. Neno moja banaipa mukia huu, inakuwa kuacha. Banaipa ule, inakuwa kuvumilia. Mwingine tena, inakuwa kufika bila kualikwa. Hapa kwetu hakuna muntu alizaliwa nayo. Kutosikia haiko zambi. Kusema «mutoto wangu, rudilia, sikuelewe» inaomba pumzi moja tu, na weye ulikosa hiyo pumzi zaidi ya mwaka juu bantu banakuita Anglais!

Lakini weye mwenyewe umesema: «baby» uliisikia. Basi usinipakulie Kiingereza mu sahani. Hukupotea. Uliona njia, ukaketi.

Unaniambia ni heshima. Minye pia niko mama mukwe, na ile heshima naipenda, mukwe wangu akiniangalia mu macho nitatoka inje. Heshima inakukataza kutamka tumbo mbele ya mama mukwe. Nani alikukataza kuitamka mbele ya bibi yako? Kila dimanche amekaa katikati yenu! Unazania bazee bamemuweka pale apumuzike? Neno inayokushinda unampatia yeye, yeye anaipitisha kwa mama yake. Njia ilikuwa tayari mu nyumba yako, ukaifunga, ukaweka mafua.

Unauliza kama unaweza kuanza upya bila kugusa ya nyuma. Hapana. Kule Amerika kuna binti, mama yake yuko mu kaburi, anazania koko yake amemutupa yeye na mutoto wa tumbo. Hiyo ya nyuma njo inamuua.

Sikia. Leo hii, si dimanche, mwalimu Niyonkuru amutumie Déborah mesaje: koko hakukukatae, koko hakukusikie, kosa ni ya baba yako mudogo. Weye ukae kando yake, na mwisho uombe musamaha kwa sauti yako, na ile Kiingereza yako ya soko. Ataielewa.

Saa hii hii bibi yako ajue yote. Ya tumbo, yeye atampelekea mama yake. Ya uongo utaibeba weye mwenyewe mpaka Kiringye, ukae pa mulango, macho chini, useme: «Mama, nilikutungia maneno.» Usianze na «up» wala «down». Atakasirika. Atakunyima salamu mpaka Pasaka, na bamama ba korale batakucheka njia nzima mpaka kwa barabara. Utavumilia. Hiyo njo «put up with», leo umeijua. Na udaktari wa Déborah umuachie mama, atawaambia benzake namna anataka.

Kuanzia leo mwalimu njo anageuza maneno, kama anakubali, na mwezi huu umupunguzie bei ya chumba. Weye, ile sifa ya Anglais uirudishe kwa benyewe.

Kisha mumupatie mama telefone mu mukono, bibi yako amuonyeshe pa kufinya, aseme jina ya mutoto. Pale muntu asigeuze kitu, hata mwalimu. Déborah ataisikia vile inatoka mu kinywa ya koko yake. Na weye, ndugu yangu, kaa upande wako wa nyumba, angalia chini, na ile siku unyamaze.