Papa Bahati Kwenye Mstari wa Maji

Dada Furaha,

Leo ni Jumapili. Nimetoka misa, nimekaa juu kidogo ya chemchemi yetu, pale ulipozoea kusimama siku za salongo, kazi yetu ya pamoja ya kijiji. Tangu homa ikuchukue, barabara ya kwenda hospitali ikiwa imefungwa na vita, sipiti hapa bila kukutafuta kwa macho.

Maharagwe yako yalikomaa, mama yako ameyavuna. Kambi imeongezeka. Watu wanaokimbia vita wanazidi kufika hapa Kashuga.

Unakumbuka nilivyojiunga na kikundi chako cha vijana cha kutunza chemchemi? Nilikuja kulalamika tu: matope, mbuzi kunywa pamoja na watu. Ulinisikiliza mpaka mwisho, ukanipa jembe. "Kaka Faustin, vile umeona penye iko mubaya, njo weye utaanza kuchimba." Wote walicheka. Nilichimba kwa hasira, na jua lilipokuwa kali nilikuwa tayari nawaamuru wengine. Hivyo ndivyo ulivyotukusanya, walalamishi watupu.

Wiki hii Papa Bahati, jirani yetu, alisimama mkutanoni akasema watu wa kambi wafungiwe chemchemi. "Sisi njo wenye kijiji. Hawa wanatumalizia maji." Wengi walimpigia makofi. Mama Neema wa kambini alivuta bidoni yake, dumu la maji, akaipakata. Nilijua ingekuwaje: wangeteremka kuchota mtoni, kule wenye silaha wanakopita.

Nilikuwa na hotuba kali kichwani, ya kishule kabisa. Nikaiacha. Nilisema, "Papa, njo weye unajua vile maji inapotea. Simamia mstari, pamoja na Mama Neema." Mbele ya watu wote, angekataaje?

Sasa anafika kila asubuhi na buti zake kupanga foleni. Anawagombeza wote sawasawa. Mama Neema anamwita Komanda wa Bidoni, naye anajifanya hasikii. Jana mke wake alijaribu kupita mbele ya kina mama wa kambi. Papa Bahati akamwambia, "Mama Bahati, mstari inaanzia kule." Akarudi nyuma akinung'unika, na wanawake wakacheka mpaka maji yakamwagika. Habari ya kufunga chemchemi haisikiki tena.

Ungecheka, dada. Ungecheka ukifunika mdomo kwa kanga... Mimi bado sauti inatetemeka nikisimama mbele ya watu. Yako haikutetemeka, au ulificha vizuri.

Pumzika. Nakuahidi hivi: siku yoyote mtu atakapotaka tena kuwapeleka kina mama wa kambi mtoni, nitasimama, hata nikitetemeka.

Ndugu yako,
Faustin