Kamba Iliyotushikilia

Duluth, Novemba 1892

Dada yangu Ragnhild,

Mimi mzima, ila mgongo. Soksi za Mama zimefika, jozi mbili, na huku ziwani theluji imeshaanza.

Mdogo wetu Eilif hakuacha kuwaandikia kwa uvivu. Mimi ndiye niliyemwombea kazi ya kuchochea moto kwenye tagi, ile boti ya moshi inayovuta tishari letu la mbao, kwa ajili ya kifua chake kisichostahimili baridi. Alifurahi mno. "Ganda na mbao zako, kaka," alinicheka. "Mimi nalipwa kuota moto!"

Dhoruba ilitukuta karibu na miamba. Theluji ikaficha tagi, lakini kamba ilikuwa imekaza, nasi hatukusukumwa ufukweni. Tukasifu, "Wale jamaa wanavuta kweli leo!" Theluji ilipoacha, mbele yetu hapakuwa na kitu. Kamba ilikuwa inateremka majini. Tagi lilikuwa limezama zamani, na huko chini ndiko lilikotushikilia kama nanga.

Upepo ulipotulia nahodha wa tishari letu alikuja na shoka. "Halvard, ni mdogo wako. Utakata wewe, au nikate mimi?"

Nilikata mwenyewe. Kamba ile nene, haikatiki kwa pigo moja.

Mwambie Mama kwamba Eilif alikuwa mahali penye joto. Habari ya shoka ibaki kwetu wawili. Soksi za Eilif nimezivaa juu ya zangu, na miguu bado baridi.

Ndugu yako aliyebaki,
Halvard