Kamera ya Uani

Jumatatu, 8 Septemba 2025
Wameiba tena! Safari hii mashine ya kukaushia nywele, mpya, hata harufu ya boksi haijaisha. Mwizi kapitia uani, kapenya kwenye ua wa makuti. Basi. Nafunga kamera, liwalo na liwe.

Jumanne, 9 Septemba
Fundi Tahiri kaja na aina mbili. Ya kwanza ina waya mpaka kwenye boksi la kurekodia, nalifungia kabatini, haitaki intaneti — anayetaka kuona aje hapa hapa saluni. Ya pili inakula jua, ina laini yake ya simu, naiangalia popote nilipo. Yeye anapendelea ya waya, eti picha hazitoki nje ya nyumba. Kwa umeme huu wa Kibiti unaokatika kama kwikwi? Tena atoboe ukuta wangu niliopaka rangi juzi! Nikampigia mume wangu, Abdulatifu, yuko kisiwani huko anakonunua kaa. Chukua ya laini, mke wangu, anasema, na mimi niwe nakuona. Nikacheka peke yangu. Mume bado ana hamu ya kukuona, utamnyima?

Alhamisi, 11 Septemba
Imefungwa juu ya mlango wa nyuma, inatazama uani. Picha safi! Hata maua ya hina mkononi unayaona. Kitu kimoja tu kinanikereketa: uani ndiko tunakowasinga maharusi, na mtu hasuguliwi singo mwili mzima akiwa na baibui. Lakini nenosiri tunalo wawili, mimi na mume wangu, na kaniahidi ataangalia jioni tu, tukishafunga. Sawa.

Jumatatu, 15 Septemba
Leo zamu ya Faudhia, mwali anayeolewa kisiwani kule kule aliko Abdulatifu. Tumemsinga uani tangu asubuhi, mimi na msaidizi wangu Zamda, mama mtu kakaa pembeni. Mtoto mzuri, mashallah! Mgongoni, nyuma ya bega la kushoto, ana kovu la moto, alimwagikiwa na uji utotoni. Mama yake akatusihi: liishie hapa, binti atamwambia mumewe mwenyewe. Tukamtoa hofu. Ya uani hubaki uani. Kamera niliikumbuka mchana, nikaiacha — saa hizo Abdulatifu yuko mikokoni na kaa zake.

Alhamisi, 18 Septemba
Nimepigwa na butwaa. Upande wa bwana harusi umeleta ujumbe: mbona mmetuficha kovu la mwali? Wanajua mpaka bega lenyewe, la kushoto! Harusi imesimamishwa. Mama Faudhia kaja hapa analia. Tulikuwa wanne tu, anasema. Mimi mama, binti mwenyewe, wewe, na huyu! Akamnyooshea Zamda kidole. Kikulacho ki nguoni mwako, Hajira! Na mimi — na mimi nikamtazama vibaya. Jumamosi mama atakuja na msahafu, Zamda aape.

Jumamosi, 20 Septemba
Naandika nimejifungia stoo.

Asubuhi kaja Mwatumu, mwanamke wa kisiwani, kaniletea kamba wakavu alioagizwa na Abdulatifu. Hajawahi kukanyaga hapa. Kaingia tu, akauliza: eh, shoga, ule mkeka mwekundu wa uani umeutoa? Nikamuuliza kauona wapi. Akashangaa nashangaa nini. Kwao mtandao unashika mahali pamoja tu, kwenye nguzo ya banda la kaa. Simu zinatundikwa pale kwenye misumari, ukiishusha inakata. Ya mumeo inashinda imefunguliwa, anasema, kila apitaye anakuona unavyosuka watu. Hata wanaume? Mwatumu akacheka. Banda la nani basi, kama si lao?

Ya Rabi! Ya Rabi!

Nikapiga simu. Ikapokea sauti nisiyoijua: Tifu kaingia mikokoni, shemeji, tumpe ujumbe gani?

Sikuwahi hata kukata. Hodi! Mama Faudhia, na Maimuna, somo anayemfunda Faudhia, kapakata msahafu. Zamda kashatia udhu, anawasubiri. Wakaketi uani, chini ya kile kidude. Nikatafuta ngazi — ngazi ni ya Tahiri, kaondoka nayo. Nilitaka kusema. Wallahi nilitaka! Nikawaza saluni yangu. Nikawaza wake za watu wote waliovua baibui pale, na waume zao. Zamda akanyoosha mkono kwenye msahafu.

Kamera ikasema!

Sikujua kama inasema. Sauti ya mwanamume, na wengine wanacheka nyuma yake: "Oya, njooni, leo kumejaa! Shemeji, yule wa kovu yuko wapi?"

Somo Maimuna alivuta kanga akajifunika uso. Mama Faudhia akainua macho taratibu, akaitazama. Zamda hakuitazama kamera, alinitazama mimi. Nikakimbilia huku.

Sasa Zamda yuko mlangoni, anagonga polepole.

"Dada Hajira, mama Faudhia anauliza ni nani hao wanaotuona. Nimjibu nini?"

Hajanitaja. Mpaka sasa hajanitaja.

"Dada. Nimjibu nini?"