Sindano za Mama Baada ya Kujitoa

Jumatatu, 3 Machi

Leo Bosi ametufundisha kupanga rafu upya. Kupanga gani — kudanganya! Boksi moja mbele, nyuma yake hewa. "Tandaza, tandaza," anasema, "mteja akiona duka tupu harudi." Nikatandaza. Dawa za kikohozi zimeachana kama meno ya mtoto yanayong'oka. Duka la dawa limegeuka kibogoyo.

Tangu tujitoe kwenye Jumuiya, mwanzoni mwa mwaka, kila anayeingia anaingia na kilio chake. Dereva wa teksi: tairi hazipatikani, anatembelea viraka. Mama wa kufua nguo: sabuni imepanda tena, siku hizi anafulia maji na hasira. Kumbe vyote vilikuwa vinatoka ng'ambo ya mpaka. Nani alijua? Nani huwasha kiberiti akajiuliza kimetoka wapi?

Redioni waziri anasema tuvumilie, huu ni uchungu wa uzazi. Mama wa kufua akaigeukia redio: "Wewe umezaa lini?" Tulicheka wote. Kicheko chenyewe kifupi.

Insulini zimebaki chache, chini kabisa ya friji. Jioni nimenunua kichupa kimoja cha Mama. Bosi aliniangalia, akapokea pesa.

Ukutani ng'ambo ya barabara kazi ya mdogo wangu bado inang'aa: CHETU NI CHETU. Herufi nyekundu, kila moja inampita mtu kimo. Aliichora kabla ya kura ya kujitoa, watu wakimshangilia pale chini ya ngazi. Sasa kuna mtu kaongezea kwa mkaa: HATA NJAA.

Alhamisi, 6 Machi

Ugomvi mezani. Mdogo wangu amekuja kula — siku hizi anakuja na njaa, zamani alikuja na habari. Mchora mabango asiye na rangi! Rangi nayo ilikuwa inatoka huko huko. Lakini bado anabisha. "Dada, nyumba mpya lazima ivuje kwanza."

Nikamwambia, sawa, na ikivujia kitanda cha Mama?

Akasogeza sahani yake pembeni. Nikaendelea, nikamwambia mengine ambayo sitayaandika hapa. Mama akagonga meza kwa kijiko. "Mnanigombania kama marehemu. Mimi bado nipo, na chakula kinapoa." Akamsukumia sahani yake. Mama amepikia watoto wa shule maisha yake yote. Mtu akinuna mbele ya chakula anaona ametukanwa yeye.

Nilimchoma sindano kabla ya kula. "Tumbo langu limekuwa chujio," akasema. Mdogo wangu akageukia dirisha. Kijana anayening'inia kwenye ngazi za ghorofa, anaogopa kasindano kama unywele.

Vijiti vya kupimia sukari vimekwisha, kwetu na dukani. Sasa napima kwa macho. Kiu yake. Safari zake za chooni. Anavyochelewa kunijibu.

Jumatatu, 10 Machi

Gari la msambazaji limekuja! Tulitoka nje wote kulipokea kama bibi harusi. Dereva akateremsha kiboksi ambacho ningeweza kukibeba kwapani. "Ndiyo hiyo hiyo," akasema. "Malori yamekwama mpakani. Kila siku kibali kipya. Ukileta cha kijani wanataka cha njano."

Insulini zilikuwa humo, za kugusa na kumaliza. Watu walishapata fununu, foleni ikajipanga hadi kwenye mtaro. Bosi akasema kichupa kimoja kila mgonjwa, na akaenda kupokea simu.

Nilivificha viwili. Ndani ya friji, nyuma kabisa, kwenye boksi la matone ya macho. Mikono yangu ilifanya hivyo yenyewe, mimi nikiwa naongea na mteja, natabasamu.

Fundi Saa alifika vimekwisha. Kibanda chake kiko mtaa wa nyuma, huwa anachelewa kwa sababu hawezi kuacha saa ya mtu imefunguliwa matumbo. Ana kisukari tangu ujana wake. Sio kama Mama, anayeweza kuyumbayumba siku kadhaa — yule bila insulini hana siku. Namjua. Namhudumia tangu nianze kazi hapa.

"Daktari wangu," akasema (ananiita hivyo kunitania), "umeniwekea?"

Nikasema, "Zimekwisha, Fundi."

"Hata tone?"

"Hata tone."

Akaangalia friji. Akaniangalia mimi. Kisha akacheka, "Basi nitameza betri, nione kama nitaendelea kutembea." Akainua kofia, akaondoka.

Nilikuwa na nafasi ya kumwita hadi alipofika kona.

Jumatano, 12 Machi

Mama ana nguvu leo, tangu nilete vile vichupa viwili nyumbani. Kapiga deki, kagombana na jirani kuhusu kamba ya nguo. Nilipaswa kufurahi.

Kibanda cha Fundi Saa kimefungwa. Labda kaenda kutafuta kwingine. Labda kapata.

Jumamosi, 15 Machi

Mke wa Fundi alikuja asubuhi, khanga begani, viatu viwili visivyofanana. Fundi yuko wodini tangu jana. Anatapika, anahema kama aliyekimbizwa, hatambui mtu vizuri. Wodini wamemwambia mkewe insulini imekwisha, atafute mwenyewe. Amezunguka maduka yote. "Wewe ndiye wa mwisho, mwanangu. Yeye ndiye kaniambia nije kwako, kabla hajazidiwa. Kasema, yule binti akiwa nayo hawezi kuninyima."

Nikasema hatuna.

Mara ya pili! Safari hii sikuweza hata kumtazama. Alishukuru. Alinishukuru mimi!

Nikamwomba Bosi ruhusa, nikasema kichwa kinaniuma. Nyumbani Mama alikuwa anachambua mboga. "Uso wako umefanya nini?" Hakuna anayeweza kumdanganya huyu mama. Nikamwambia yote: boksi la matone, kofia ya Fundi, viatu vya mkewe. Nilidhani atanikumbatia. Aliacha mboga.

"Kwa hiyo mimi napumua pumzi ya mtu?"

"Mama, nilikufikiria wewe."

"Mimi sikukutuma." Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililoniumiza. Akainuka kwa kushika meza, akafungua friji, akatoa kichupa ambacho hakijafunguliwa, akakitia kwenye chupa ya chai pamoja na barafu. "Peleka. Ama naenda mwenyewe na haya magoti yangu."

Nikamwambia, na wewe ukiishiwa?

"Nikiishiwa tutajua la kufanya nikiwa nimeishiwa. Yule ameishiwa sasa."

Nilikimbia. Sijakimbia hivyo tangu shuleni. Kwenye korido wagonjwa wamelala chini, mmoja kila upande, katikati njia ya mguu mmoja. Nesi alinipokonya kichupa bila salamu, hakuniuliza nimekitoa wapi. Fundi alikuwa amekauka midomo, macho nusu. Harufu ya mdomo wake kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Mkewe alianguka magotini akanishika miguu. Nikamwinua. Ningemwambia nini? Kwamba anaishika miguu ya aliyemwua mumewe nusu?

Jumapili, 16 Machi

Fundi amefumbua macho! Kaomba maji, kauliza saa ngapi. Namshukuru Mungu. Sitaki kuandika zaidi leo.

Jumatano, 19 Machi

Kichupa cha Mama kimefika chini. Nimeanza kupunguza kipimo. Yeye anajua, na anajifanya hajui, akitazama dari wakati navuta sindano.

Bosi katuita. Msambazaji amefunga ghala. Ijumaa duka linafungwa "kwa muda". Alilisema hilo neno akifuta kaunta ambayo ilikuwa safi. Mwenzangu wa stoo akauliza, muda gani? Bosi akasema angejua angekuwa waziri.

Nje watu wanaongea kama wako msibani. Fundi cherehani anasema hana uzi mweusi, anashona suruali za kazi kwa uzi mweupe. Kiwanda cha nguo kule chini kimewarudisha watu nyumbani, maana nguo zao zilikuwa zinauzwa ng'ambo, na ng'ambo sasa wanazitoza kodi kama ni dhahabu. Mwingine kasema heri tungebaki. Mwingine kamrukia, kamwita msaliti. Wakashikana mashati. Mashati yenyewe yamechakaa, yakachanika mara moja.

Jioni mdogo wangu aliingia, akamkuta Mama amelala kwenye kiti, jagi la maji mapajani. Akaliondoa jagi taratibu, akaliweka mezani. Kisha akanivuta jikoni.

"Dada, kumebaki kiasi gani?"

Nikamwonyesha.

Akakaa juu ya ndoo. "Nakwenda kuileta." Anajua wapi, ng'ambo ana rafiki mchoraji, walikuwa wanapeana kazi kabla ya haya. Atapita njia za panya. Nikamwambia wanaokamatwa huko wanalala ndani. Akasema, "Mimi ndiye niliyechora ule ukuta." Alisema vile vile tu, kama anayeeleza kwa nini ana rangi kwenye kucha.

Nimemsafishia kopo la rangi, la lita nne, lenye mfuniko wa kubana. Barafu chini, kitambaa juu. Nikamwambia: isipate jua. Chochote kitakachotokea, isipate jua. Akarudia kama mtoto anayetumwa dukani.

Mama alimbariki akiwa nusu usingizini. Sidhani alielewa anakwenda wapi.

Ijumaa, 21 Machi

Duka limefungwa. Nilimsaidia Bosi kuteremsha shata la chuma mlangoni. Alinipa mkono kama mtu mzima mwenzake, kisha akalia hadharani, mzee mzima, mbele ya wateja waliokuja kuchungulia.

Simu ya mdogo wangu haipatikani.

Jumamosi, 22 Machi

Nimemchoma Mama ya mwisho. Niligeuza kichupa juu chini, nikavuta, nikavuta, nikavuta hewa.

Simu haipatikani.

Jumapili, 23 Machi

Kiu. Hashibi maji. Miguu imekuwa mizito. Anaanza sentensi ya jambo moja na kuimaliza kwa jingine. Asubuhi kaniita kwa jina la dada yake, marehemu mama mkubwa, kaniuliza kama watoto wa shule wamekula.

Jirani mwenye mkokoteni alitusaidia hadi hospitali. Yule yule wa kamba ya nguo! Njia nzima anamwambia Mama, "Pona tu tugombane." Daktari ni kijana, macho mekundu. Alimwekea dripu ya maji. Insulini? Akatikisa kichwa. "Shangazi wa mkuu wa hospitali yuko wodi ile pale," akasema, "na yeye tunampa maji." Akasema tukipata tulete saa yoyote, hata kama yeye hayupo.

Kitanda hakuna. Mama alilala kwenye korido hadi dripu ikaisha, kisha akanishika mkono na akili zake zote zikarudi ghafla. "Nirudishe kwangu. Sitaki kurukwa na watu."

Nikamrudisha. Daktari hakukataza. Hilo nalo limenitisha.

Jumatatu, 24 Machi

Amerudi! Mchana huu. Nilisikia mlango, nikadhani ni jirani — ni yeye, mdogo wangu, jicho moja limefumba kwa uvimbe, kopo la rangi kifuani kama mtoto mchanga.

Walimkamata jana akirudi, akiwa tayari ameiona barabara ya huku kwetu. Askari wetu. Sio wa kule — wetu! Wakamfungia kwenye kontena la chuma pamoja na wauza sukari na mwanamke mwenye vitenge. Kopo wakaliacha nje, juu ya jiwe, wakisubiri mkubwa wao aje alifungue. Alikuwa analiona kupitia tundu la kutu. Anasema aliwapigia kelele walihamishe kivulini mpaka sauti ikakauka. Mmoja akamwambia, rangi gani hiyo inayoogopa jua? Leo asubuhi mkubwa akaja, akafungua, akaona ni dawa. Akamwuliza ni za nani. Akasema za mama yangu. Yule mkubwa akafunga kopo, akamrudishia, akamwambia potea.

Vichupa vitatu. Kopo lilikuwa na joto la mkate.

Hii insulini ya Mama kwa kawaida ni nyeupe, ukiiviringisha mkononi inakuwa kama maziwa, sawasawa kote. Ikiharibika inaganda, vipande vinashika kwenye kioo na havitoki. Nimeviweka dirishani. Cha kwanza: vipande. Nikakiviringisha, nikakiviringisha. Vipande. Cha pili vile vile. Nimeviweka kando.

Cha tatu sijui. Nimekiviringisha, kikawa cheupe vizuri. Lakini Bosi alitufundisha: usikiamini haraka, kiache kitulie kidogo, kisha ukitazame tena. Ndiyo maana nimekaa hapa naandika. Nikikitazama bila kuacha naona kila kitu ninachotaka kukiona.

Nimempigia Bosi. Anasema kama ilipigwa jua siku nzima, huenda ni maji matupu, huenda bado ina nguvu nusu. Hawezi kujua. "Hakuna wa kujua, mwanangu, wala maabara ya kupima hatuna. Kwa sheria ningekuambia tupa." Hakuniambia tupa.

Nikimchoma na ikawa imekufa, nitakaa nikisubiri dawa ambayo haifanyi kazi, na yeye anazama. Nikimchoma kidogo na ikawa nzima, haitamtosha. Nikiongeza na ikawa nzima, sukari itashuka na kumzimisha, na sina hata kijiti kimoja cha kupimia.

Mdogo wangu amepiga magoti kando ya kitanda. Hajanawa, hajanywa maji. "Dada, ni nzima?" Namwambia subiri. "Dada, sema ni nzima." Namwambia subiri!

Mama amefumbua macho. Amemwona. Ameweka kiganja kwenye lile jicho lililovimba. "Nani kampiga mtoto wangu?" Sauti haifiki mlangoni. Kisha ameniona mimi na sindano, na yeye mwenyewe amefunua tumbo, taratibu, kama anayefungua mlango kwa mgeni anayemjua.

"Choma tu, mwanangu."

Nimekitazama tena. Juu maji, chini weupe. Hivyo ndivyo inavyotulia hata ikiwa nzima. Kuna kitu kidogo hapa pembeni, kwenye kioo. Doa? Kipande? Nimefuta kwa nje, halijatoka. Labda liko nje na sijafuta vizuri.

Mdogo wangu ameshamshika Mama mkono, na leo hatazami dirishani, ananitazama mimi.

Nakiviringisha tena.