Nyonga Yangu Dirishani

Somanda, Jumanne

Bado naona aibu, ingawa nacheka peke yangu kama chizi.

Daktari alisema mfupa wa nyonga umepungua nguvu kuzunguka kiungo, ndiyo maana kwenye eksirei upande wa kushoto umepauka kama shati la mtumba. Utajirudi wenyewe baada ya miezi kadhaa, mradi nisikanyagie mguu huo. Na usipojirudi? Pamba iko shambani, na hawa wanunuzi binafsi wapya hawamsubiri mtu wa magongo.

Nilimwambia mke wangu aibandike picha dirishani sebuleni, niwe naitazama kwa mwanga. Nakiri, wazo lilikuwa langu.

Leo mama mkwe katokea Nkoma, kapewa lifti na lori la pamba, bila taarifa. Kwetu Wasukuma mtu na mama mkwe wake hata mkono hawapeani. Nikakimbilia chumbani na magongo yangu. Picha ikabaki.

Nikamsikia anauliza, "Hiki nini?"

"Nyonga ya Baba Kulwa," mke wangu akajibu bila kufikiri.

Halafu, "Mayo wane!" yaani mama yangu, na vishindo kuelekea uani. Mke wangu anaapa mama alijifunika kanga uso mzima, na kwamba mbuzi wa kuondoa aibu hii nitamtoa mimi.

Jioni mama mkwe akatuma salamu kupitia kwa mke wangu: "Mwambie mkwe wangu asiogope. Ule mfupa wa kushoto umepauka pale juu tu. Huko chini yuko vizuri."