Thabai ya Nyuma ya Gereji

Alhamisi, Kabiro

Bado kinywa changu kinanuka ile dawa ya thabai, yale majani yanayowasha, na kila nikimeza mate nasikia kutapika.

Leo nikitoka shule nilimwona mama anayetuuzia akiichuma, amefunga kitambaa mkononi isimuwashe. Inamea kwenye mtaro nyuma ya gereji, pale vijana wanapopasua betri kuukuu za magari na kumwaga maji yake. Udongo ni mweusi, unateleza kama grisi. Kinyaa kilinishika.

Dada yangu Nafula ni mjamzito, na Mama humchemshia hiyo thabai kila jioni aongeze damu.

Njia nzima nilipanga maneno. Nilipofika nikasema kwa hii sauti yangu ndogo, "Mama, mimea hunyonya vitu vya udongoni. Hiyo dawa ina madini ya risasi."

"Ina madini?" Mama akafurahi. "Si ndio maana inaongeza damu!"

Nafula akacheka. "Na hiyo risasi ni nani amepiga, profesa?"

Mama akanimiminia kikombe, eti nami nina mtihani. Nikanywa. Niliona haya kukataa, na hilo linanichefua kuliko ladha yenyewe.

Maneno ya kitabu ya nini? Nilitaka neno moja tu, sumu, na hapa kila mtu analijua.

Nasikia Nafula akipuliza kikombe chake upande wa pili wa pazia. Bado ni moto, hajaanza kunywa. Naenda kumwambia.