Mama Thérèse na mukanda wa mukwe

Micheline, acha kupika kwanza, usome!

Unajua Mama Thérèse alivunjika nyonga, na tangu atoke hospitali haachi fimbo. Kine, yule wa kumunyoosha viungo, alimwambia afanye mazoezi: asimame kwa muguu mumoja, ashike kiti. Leo nyumbani kulikuwa Ilunga tu, mukwe wake, bwana ya binti yake.

Mukwe, Micheline! Hata kupeana mukono ni mwiko!

Basi Ilunga akamushikilia kile kiti, kitenge kichwani, uso ukutani. "Mama, fanya tu, mimi siko hapa!"

Mama akayumba. Akadaka mukanda wa Ilunga. Suruali chini!

Suruali ya mukwe!!

"Yesu wangu, macho yangu!" Mama akakimbia mpaka chumbani, akajifungia.

Nasema AKAKIMBIA.

Fimbo iko bado pale kwenye kiti. Ilunga anaogopa kuigusa.